Shajara ya mradi: kukadiria nishati na kaboni ya majumba ya Kenya hadi 2050, kutoka Amu

Naweka hapa kumbukumbu za kazi hii kadiri hatua zinavyokamilika, ili anayetaka kuifanya kwa kaunti yake au nchi yake asianzie sifuri. Vifaa ni laptopu ya mtumba, LibreOffice Calc, Python, na data ambazo yeyote anaweza kuzipata bila malipo. Hatua nyepesi nazipitia mbio. Pale mahesabu yalipokwama ndipo nilipokaa.

12 Januari 2025: Mipaka ya kazi

Swali lenyewe: majumba ya Kenya, yaani nyumba za kuishi, maduka, ofisi, shule, hoteli, misikiti na makanisa, yatakula nishati kiasi gani mwaka 2030, 2040 na 2050, na yatatoa kaboni dioksidi kiasi gani?

Mtu wa Amu, yaani Lamu, ana sababu ya kujali makadirio ya aina hii. Pale Kwasasi, bara yetu hapa, palipangwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha MW 1,050, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya kitaifa ya mazingira ikafuta leseni yake. Watu wanakumbuka maandamano. Jedwali la mahitaji ya umeme lililokuwa chini ya mpango ule halikumbukwi sana. Mwaka 2013 serikali ilitangaza kuongeza zaidi ya MW 5,000 ndani ya miezi 40. Mwaka wa fedha 2018/19, kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa MW 1,882. Kadirio likizidi kiasi hicho huja kutafuta mashamba ya watu.

Mipaka niliyoweka: nishati inayotumika jengo likishakaliwa. Viwanda viko nje. Saruji, chuma na mbao zina folda yake, nitazifikia mwishoni. Mwaka wa msingi ni 2019 kwa sababu ya sensa: watu milioni 47.6, kaya milioni 12.1, wastani wa watu 3.9 kwa kaya.

26 Januari 2025: Data, na shimo la kwanza

Data za umeme zimetoka ripoti za mwaka za kampuni ya umeme na takwimu za EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Za uchumi na za kaya ni za KNBS, shirika la takwimu la taifa. Gharama ya hatua hii ilikuwa bando la intaneti, kama shilingi 1,500 hivi, maana majalada ya PDF ni mazito na mengine yamepigwa picha tu, namba lazima uzinakili kwa mkono.

Nilianza na mlingano wa Kaya, uliopewa jina la Mjapani Yoichi Kaya: watu, mara pato kwa kila mtu, mara nishati kwa kila shilingi ya pato, mara kaboni kwa kila kipimo cha nishati. Ni rahisi na unaeleweka hata na asiye mtaalamu. Lakini mchoro wa nishati kwa kila shilingi ulionyesha mporomoko mmoja mkali, kana kwamba Wakenya wote walilala siku moja wakaamka na taa mpya.

Hakuna aliyebadilisha taa. Mwaka 2014 KNBS ilibadilisha mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa, na kwa kalamu tu uchumi ukakua kwa takriban robo. Mwaka 2021 msingi ukabadilishwa tena. Ukichukua safu ya zamani kutoka kitabu kimoja na safu mpya kutoka kingine ukaziunga, modeli itaona ufanisi ambao haupo, kisha itauvuta mpaka 2050. Dawa: tumia mfululizo mmoja uliorekebishwa nyuma, wa toleo moja la kitabu, hata kama ni mfupi. Mimi nimepoteza miaka kadhaa ya nyuma kwa kufanya hivyo, na sijutii.

Mtego mwingine mdogo: mwaka wa umeme huanza Julai, wa sensa na pato huanza Januari. Nachukua wastani wa miaka miwili ya fedha inayopakana. Mwaka mmoja haukupi shida. Shida ni pale unapotafuta athari ya tukio la mwaka fulani, ukakuta limeangukia pande mbili.

16 Februari 2025: Kuficha jana ili kupima kesho

Jaribio ambalo ningemwomba kila mtu alifanye kabla ya kuamini mchoro wake: ficha data zote baada ya mwaka fulani, modeli ikadirie, kisha ufunue uone. Nilificha kila kitu baada ya 2013/14.

Modeli ya kwanza ilichukua wastani wa yuniti kwa mteja na kuuzidisha kwa idadi ya wateja. Mwaka 2013/14 wateja walikuwa takriban milioni 2.8 na mauzo karibu GWh 7,200 (GWh moja ni yuniti milioni moja, na yuniti ni kilowati-saa), yaani kama yuniti 2,570 kwa kila mteja, viwanda vikiwemo. Kufikia 2018/19 wateja walikuwa milioni 7. Zidisha: GWh 18,000. Mauzo halisi ya mwaka huo yalikuwa karibu GWh 8,800. Yaani hata ukijua sawasawa wateja watakuwa wangapi, bado unakosea kwa zaidi ya maradufu.

Sababu inajulikana na kila fundi wa stima aliyepanda nguzo kijijini. Mwaka 2015 ulianza mpango wa kufikisha umeme vijijini, ada ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Wateja wapya wengi ni wa taa mbili, simu na redio. Mtu ananunua tokeni za shilingi hamsini, zikiisha anasubiri. Wastani wa hoteli ya Diani na nyumba ya udongo haumwelezi yeyote kati yao.

Nikagawa kaya katika matabaka: zisizo na stima, za taa na simu tu, za televisheni na feni, za friji, na za AC. Kila tabaka lina yuniti zake, na kaya zinapanda ngazi kadiri pato linavyokua. Kasi ya kupanda nimeipa umbo la herufi S: polepole, haraka, kisha inafikia dari. Dari ndiyo inayobishaniwa. Mfano wa kwa nini inahitajika: sensa ya 2009 ilikuta takriban asilimia 5 ya kaya zinapikia gesi hasa, ya 2019 ikakuta asilimia 23.9. Ukiendeleza kasi ile ile ya kuzidisha, mwaka 2029 kaya asilimia 114 zitakuwa zinapikia gesi. Kompyuta haikuona tatizo lolote.

LEAP, ile programu ya kupanga nishati ya Stockholm Environment Institute, ingenifanyia mengi ya haya, na ndiyo inayotumiwa na serikali nyingi. Nimebaki na Python kwa sababu nataka kila fungu la hesabu lionekane na lichokorwe.

9 Machi 2025: Joto

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine.

Mahitaji ya kupooza nyumba hupimwa kwa nyuzi-siku: kila siku unatazama wastani wa joto umevuka kiwango fulani kwa nyuzi ngapi, unajumlisha mwaka mzima. Nimetumia nyuzi 24 kuwa kiwango. Hesabu ya kwanza ilichukua wastani wa joto wa Kenya nzima, kama nyuzi 22 hivi kwa watu walipo, na jibu likaja karibu sifuri. Kwa mujibu wa jedwali hilo Kenya haihitaji hata feni. Nililisoma jedwali hilo mwezi wa kaskazi, shati limenigandia mgongoni.

Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Nairobi yenye nyuzi 19 haiwezi kumpunguzia joto mtu wa Amu mwenye 27 na nusu. Ukichanganya joto kwanza kisha ukahesabu nyuzi-siku, baridi ya Limuru inafuta jasho la pwani. Hesabu nyuzi-siku kwa kila kaunti kwanza, kisha ndiyo uchanganye, ukipima kwa idadi ya watu. Amu peke yake hapo inatoka na nyuzi-siku karibu 1,280 kwa mwaka. Mombasa, Malindi, Garissa, Mandera na Turkana zote zikajitokeza kwenye ramani kwa mara ya kwanza.

Tatizo la pili: data ya NASA POWER ni ya bure, lakini kisanduku chake kimoja ni kikubwa kuliko kisiwa chote, na cha kwetu nusu yake ni bahari. Bahari hulainisha joto, mchana haupandi sana na usiku haushuki sana. Nikanunua vipimajoto viwili vinavyojirekodi, shilingi 2,500 kila kimoja. Kimoja nikakiweka nyumba ya mawe Mkomani, kingine nyumba ya matofali ya saruji na mabati kule Wiyoni.

Matokeo yalinichanganya, na nafurahi hivyo. Saa nane mchana, chumba cha Wiyoni kilikuwa nyuzi 35, cha Mkomani 30. Kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya boriti na chokaa zinajulikana kwa hilo. Lakini baada ya isha mambo yaligeuka. Mabati yakapoa upesi. Mawe yakaanza kurudisha joto yalilokula mchana, na kwenye chumba cha juu cha Mkomani feni haikuzimwa mpaka karibu na alfajiri. Yaani saa za feni hazikutofautiana sana kama nilivyokuwa nimeziandika kwenye modeli. Nyumba ya mawe inakuokoa na AC ya mchana, haikuokoi na feni ya usiku, isipokuwa mtu alale juu ya dari chini ya makuti kama wazee walivyofanya, na hapo hahitaji vyote viwili.

Mita ndogo ya kuchomeka ukutani, shilingi 1,800, ilikuwa manunuzi bora ya mradi mzima. Feni ya kusimama ilisoma wati 55. Saa kumi kwa siku ni nusu yuniti na kidogo. AC ya chumba kimoja, ikiwaka usiku, hula kama yuniti tano. AC moja ni feni tisa au kumi. Kila kitu kuhusu kupooza nyumba mpaka 2050 kinategemea ni kaya ngapi zitavuka kutoka kimoja kwenda kingine.

30 Machi 2025: Jikoni

Sensa ya 2019 inauliza kaya inapikia nini hasa. Kuni asilimia 55.1, gesi 23.9, makaa 11.6, mafuta ya taa 7.8. Ukichukua jibu hilo ukazidisha kwa nishati ya mwaka mzima, unadhani kila jiko lina moto mmoja.

Nilikwenda kumuuliza shangazi yangu.

"Shikamoo shangazi. Hapa mwapikia nini?"

"Marahaba. Gesi, mwanangu. Makaa ni ghali siku hizi."

Chini ya ngazi seredani ilikuwa inawaka, sufuria juu yake, na juu ya kifuniko makaa mengine.

"Na hayo je?"

"Hayo ni ya mkate wa sinia. Gesi yako hiyo itautia moto juu?"

Tangu hapo niliacha kuuliza "mwapikia nini" nikauliza chungu kwa chungu: chai kwa nini, wali kwa nini, maharagwe kwa nini, mkate kwa nini. Katika nyumba za mtaani nilizouliza, zilizosema "gesi" karibu zote zilikuwa na makaa ya maharagwe na mkate. Mfano wa mtaa mmoja haufai kuzidishwa kwa nchi nzima, lakini unatosha kuonyesha kwamba safu ya "jiko kuu" lazima igawanywe. Kwa nchi nzima nimetumia tafiti za bajeti za kaya, zinazouliza matumizi ya kila nishati kivyake.

Sera nazo huvunja mistari. Februari 2018 ukataji miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, makaa yakapanda. Mwaka huo huo mafuta ya taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili wachuuzi wasiyachanganye na dizeli. Julai 2021 gesi ikarudishiwa VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Mstari ulionyooka unapita juu ya yote hayo bila kuyaona. Nimeyaingiza kama mabadiliko ya bei, na mistari ya gesi na mafuta ya taa ikatulia.

Hesabu ya kaya moja, yeyote airudie. Mtungi wa kilo 13 ukidumu miezi miwili, ni kilo 78 kwa mwaka. Kwa viwango vya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, kilo moja ya gesi hutoa karibu kilo 3 za kaboni dioksidi, kwa hiyo ni kama kilo 232. Jiko la gesi likichukuliwa kuwa na ufanisi wa asilimia 55, kazi ile ile ikifanywa na jiko la stima lenye ufanisi wa asilimia 80 inahitaji yuniti 705 hivi, ambazo kwa gridi yetu (tazama chini) ni kama kilo 60.

Kuni ndizo zinazovuruga. IPCC inaweka kilo 112 kwa gigajuli, juu ya gesi na mafuta ya taa, lakini kaboni ya kuni huhesabiwa upande wa ardhi na misitu, kwa sababu mti unaoota tena unaivuta. Ukiijumlisha jikoni na mtu mwingine akaijumlisha msituni, imehesabiwa mara mbili. Ukiiacha pande zote mbili, nusu ya nchi inaonekana inapika bila moshi. Nimeiweka kwenye safu yake peke yake, na kila mchoro una matoleo mawili.

20 Aprili 2025: Kaboni ya yuniti moja

Umeme wa Kenya hutoka zaidi kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana, pamoja na unaonunuliwa Ethiopia tangu mwishoni mwa 2022. Jirani zetu wa Malindi wana shamba la jua pale Langobaya. Mitambo ya mafuta ikichangia takriban asilimia 10, kwa gramu 650 za kaboni dioksidi kila yuniti, wastani ni gramu 65. Mwaka 2023/24 karibu asilimia 23 ya umeme ilipotea njiani, kwa hiyo yuniti inayofika kwenye mita ni gramu 84.

Nikaona tena ule ugonjwa wa wastani. Amu mjini tuko kwenye gridi tangu laini ya kV 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen ilipofika Lamu. Faza, kwenye kisiwa cha Pate, ina kituo cha mashine za dizeli: lita 0.3 hivi kwa yuniti, karibu gramu 800. Yuniti moja ya Faza ni yuniti kumi za Amu. Kisha kuna saa. Kilele cha nchi ni jioni, jua la Langobaya limeshatua, na AC zinawashwa wakati huo huo. Umeme wa nyongeza wa saa hiyo mara nyingi ni wa mafuta. Kwa hiyo umeme wa kupooza nyumba nimeupa gramu zake za jioni, na taa za maduka ya mchana zina zake. Wastani mmoja wa mwaka mzima nauacha kwa muhtasari wa nje tu.

11 Mei 2025: Mtandao wa nyuroni

Kijana mmoja wa chuo alinishauri nijaribu mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza yenyewe kutokana na mifano ya data. Data za mwaka kwa mwaka hazifiki hata thelathini. Mtandao ulikariri zote, ukapata alama kamili, kisha ukafichiwa 2014 na kuendelea ukatoa upuuzi. Gharama: kiongeza kumbukumbu cha laptopu, shilingi 3,500, ambacho angalau bado kinatumika.

8 Juni 2025: Kubahatisha kwa utaratibu

Badala ya namba moja, kila kigezo nimekipa masafa, na modeli inakokotoa mara 10,000 kwa njia ya Monte Carlo, kila mara ikichagua namba kwa bahati ndani ya masafa hayo. Toleo la kwanza lilitoa utepe mwembamba wa majibu, wa kupendeza. Ulikuwa mwembamba kwa sababu vigezo vilichaguliwa kila kimoja kivyake, kana kwamba pato linaweza kupaa huku AC zikibaki palepale, vikafutana. Baada ya kuviunga viwili viwili, pato na AC, pato na ukubwa wa kaya, utepe ukapanuka. Huo mpana ndio niliouweka kwenye folda.

Kigezo kinachoongoza kwa kuyumbisha jibu si bei wala teknolojia. Ni ukubwa wa kaya. Chukua watu milioni 84 mwaka 2050. Kwa 3.9 kwa kaya, ni kaya milioni 21.5. Kwa 3.2, ni zaidi ya milioni 26. Kila kaya ya ziada ina friji yake na jiko lake. Na kati ya hizo milioni 26, zikiwa asilimia 10 tu na AC moja ya yuniti 1,500 kwa mwaka, ni GWh 3,900, zaidi ya theluthi ya umeme wote uliouzwa Kenya 2023/24.

29 Juni 2025: Folda ya saruji

Nilidhani ni kiambatisho. Nyumba ndogo ya matofali ikila mifuko 100 ya saruji, tani tano, na kila tani ya saruji ikibeba kama tani 0.6 za kaboni dioksidi, ni tani tatu kabla mwenyewe hajaingia. Kaya ya yuniti 500 kwa mwaka, kwa gramu 84, inatoa kilo 42 kwa mwaka kwa ajili ya stima. Saruji ya nyumba hiyo ni sawa na stima ya miaka sabini. Kwa nchi za makaa ya mawe hesabu ni kinyume, ndiyo maana vitabu vyao vinahangaika na taa na madirisha. Kwetu kaboni iko jikoni na kwenye saruji.

Kwa hiyo folda hii imehamishwa kutoka kiambatisho kuwa sura kamili, na imenilazimu kurudi kwenye idadi ya nyumba mpya kwa kila kaunti, pamoja na aina ya ukuta, ambayo sensa inayo. Chokaa na boriti za mikoko nimeziacha kwa sasa. Chokaa nayo huchomwa kwa kuni, na mikoko ina hesabu yake ya kaboni ya matope ambayo si ya kukisia.

Matumizi mpaka hapa, ukiacha laptopu: vifaa shilingi 10,300, bando karibu 4,000, nauli za mashua na bodaboda kwenda Mokowe 1,200. Hatua inayofuata ni hoteli na nyumba za wageni za Shela na Malindi, ambazo friza na pampu za bwawa zinawaka hata msimu wa kusi wageni wakiwa hawapo. Mita ya kuchomeka iko tayari. Ninatafuta wenye hoteli watakaoniruhusu kuichomeka kwa mwezi mzima. Vipimajoto vinabaki Mkomani na Wiyoni mpaka kaskazi ijayo.